Pasipoti Mpya na Kaburi la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ndiye aliyetaka niwe Mtanzania. Mimi nilikuwa nimeridhika kuwa mke. Nilizaliwa ng'ambo ya Mutukula, upande wa Uganda, kwenye kijiji ambacho migomba yake huwezi kuitofautisha na ya Kagera. Nikaja Bukoba nikiwa msichana, kumsaidia shangazi yangu kushona, na haukupita muda nikaolewa na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja kupunguziwa suruali. Tangu hapo naishi Hamugembe, mtaa wa Bukoba mjini. Watoto wangu wote wamezaliwa hapa na kusoma hapa. Kihaya changu kilinyooka mapema kwa sababu lugha ya kwetu ni jirani yake. Kibali cha ukaazi kikiisha nilikilipia kingine, afisa akagonga muhuri, nami nikarudi kwenye cherehani yangu. Sikuona kilichopungua.

Yeye alikiona. Aliishi Muleba, kwenye kibanja cha ukoo wa mume wangu, katikati ya migomba na mibuni, na nilimwita Mae, yaani mama, kama wanawe wa kuwazaa walivyomwita. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mae hakuingoja hiyo siku ya tatu. Nilipolala kwake mara ya kwanza, asubuhi nilikuta jembe limeegemezwa kwenye mlango wa chumba changu. Nilikasirika sana, mimi na kucha zangu za mjini, nikalima kwa hasira mpaka jua likawa kali. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile alikuwa amenipokea.

Halafu walikuja wapimaji wa ardhi pale kijijini, ili kila familia ipate hati ya kibanja chake. Mae alitaja wanawe, kisha akanitaja mimi. Mpimaji akauliza nimezaliwa wapi. Alipojibiwa, alisema kwa adabu kabisa kwamba sheria hairuhusu kuandika ardhi kwa jina la mgeni.

“Mgeni yupi?” Mae akasema. “Huyu ndiye atakayenizika.”

Mpimaji alisema pole, mama, lakini sheria ni sheria. Mae alipoona hawezi kumpindua yule, alinigeukia mimi. Kibanja chenyewe hakikunisumbua, maana mume wangu alikuwa ameandikwa na hilo lilinitosha. Yeye alikuwa ameumizwa na lile neno. Jioni tukimenya maharage aliniambia, bila kunitazama, “Mwana wange, nenda ukaandikwe uwe mtu wa hapa. Sitaki kufa nikiwa na mkwe mgeni.” Nikamwahidi. Kwa Mae ahadi haikuwa kitu cha kuchezea, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelitaka jambo hilo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Basi nikaomba uraia. Niliandaliwa barua na viongozi wa mtaa, nikapiga picha ambazo nilitoka nimenuna, nikatafuta watu wa kunidhamini tabia, nikatangazwa gazetini kwamba mimi fulani naomba uraia wa tajnisi na mwenye pingamizi alipeleke kunakohusika. Hilo la gazeti ndilo lililonichoma zaidi. Wateja ambao nilikuwa nimewapima viuno kwa miaka walikuja dukani wakishangaa, “Fundi, kumbe wewe ni wa kule?” Mama mmoja wa Kitendaguro alisema yeye analo pingamizi, na hataliondoa mpaka gauni lake la kipaimara cha binti liishe. Nilicheka na wote. Mlango ulipofungwa nilijisikia kama mtu aliyekutwa anaoga.

Afisa wa uhamiaji aliyelishika faili langu pale mjini alikuwa mtu mpole, wa umri wa mtoto wangu wa kwanza, na kila mara aliinuka kunisalimu. Alifunua pasipoti yangu, akaangalia tarehe, akakuna kidevu.

“Mama, hii inakaribia kuisha. Maombi yako yakishapanda juu yanaweza kuchukua muda, na kibali chako cha ukaazi kimesimama juu ya hii pasipoti. Ikifa hii, na kibali hakina pa kusimama, na faili litalala. Nenda kaifanye upya mapema, utuletee mpya.”

“Mwanangu,” nikamwambia, “mimi naomba kuacha uraia wa kule. Sasa unanituma kule nikajiandikishe upya?”

Akacheka. “Wewe ni fundi, unajua. Mtu havui gauni la zamani kabla jipya halijaisha.”

Nilicheka pia, lakini sikwenda. Ningeweza kusingizia kazi, kwa sababu ulikuwa msimu wa sare za shule na meza yangu ilikuwa imefunikwa na sketi za bluu. Ukweli ni kwamba niliona haya. Pasipoti ya kwanza nilisaidiwa na marehemu baba yangu, ambaye alitembea na mimi ofisi kwa ofisi akijivuna kwamba binti yake atasafiri. Sasa baba hayupo, na mimi nilitakiwa nirudi kwa watu wake, niape kwamba mimi ni wao, nichukue kitabu kipya, kisha nije kukisalimisha. Mkataa kwao mtumwa, ndivyo tulivyofundishwa. Nikawa najiambia labda uraia utatoka kwanza na safari hiyo isiwepo. Mae akinipigia simu kuuliza imefika wapi, nilimjibu kwamba mambo yanakwenda. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Yalipoanza kuuma, pasipoti ilikuwa imebakiza wiki chache tu, na Mae alikuwa ameanza kukohoa.

Kabla ya kuvuka nilimpitia Muleba. Alikuwa amekaa nje juani amejifunika kitenge, amepungua mabega. Nikataka kuahirisha tena. Alinifokea. “Kikohozi hiki ninacho tangu hujaja kwetu. Nenda, urudi.” Alinipa mkungu wa ndizi nimpelekee kaka yangu, kwa sababu kwa Mae hakuna kwenda kwa watu mikono mitupu, hata kama huko uendako ndizi zinaoza shambani.

Kaka yangu ndiye anayekaa kwenye kibanja cha baba yetu, mwendo mfupi kutoka mpakani. Alipokea ndizi, akasikiliza shida yangu, akasema, “Kwa hiyo umekuja kuchukua pasipoti ili ukairudishe?” Alilisema kama utani na mkewe akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Kwenye ofisi ya pasipoti, katika mji mkubwa wa huko, mama mmoja nyuma ya meza aliniuliza ukoo wangu, babu yangu, kijiji alichozikwa babu. Nilijibu yote bila kukwama, na kila jibu lilikuwa kweli. Akaniuliza pasipoti mpya ni ya shughuli gani. Nikasema kusafiri. Hilo nalo lilikuwa kweli, lakini uso uliniwaka moto. Akatabasamu, akaniambia hii sasa utakaa nayo miaka kumi bila usumbufu. Ile ya zamani aliibakiza, akanipa karatasi ya kuonyesha kwamba mpya inatengenezwa, akaniambia nisubiri nitaitwa.

Nikarudi kwa kaka kusubiri. Alfajiri ya Ijumaa mume wangu alipiga simu. Hakusalimia. “Mae ametuacha,” alisema. Nyuma yake nilisikia wanawake wanalia, na nikamtambua wifi yangu, dada wa mume wangu, kwa sauti. Nikauliza mazishi ni lini. Akasema kesho, kwa kuwa ndugu wa mbali walikuwa wameshafika tangu alipozidiwa. Nikauliza alizidiwa lini. Akasema Mae alikataza nisiambiwe, nisije nikaacha nilichokifuata.

Nilikuwa mpakani kabla watu hawajafungua maduka. Nilikuwa na kitambulisho cha Uganda, karatasi ya pasipoti na nakala ya kibali cha ukaazi cha Bukoba. Afisa wa dirishani alisoma kila kimoja taratibu. Nilimweleza. Nililia mbele yake, mimi mtu mzima. Aliniambia pole sana, mama, lakini kwa karatasi hizi siwezi kukugongea muhuri wa kuingia. Akanielekeza kwamba iko hati ya dharura ya kusafiria, inatolewa na ofisi za upande ule ule nilikotoka. Nikapanda bodaboda mpaka huko. Ilikuwa sikukuu yao, milango imefungwa, na mlinzi akaniambia nije Jumatatu.

Nikarudi tena mpakani, sijui nilitegemea nini. Nilisimama kando ya barabara na mkoba wangu. Mwenye bodaboda mmoja, mtu wa makamo, alikuwa amenitazama tangu asubuhi. Akanisogelea, akaongea Kihaya cha heshima, kwa sauti ya chini.

“Waitu, una msiba?”

Nikasema ndiyo.

“Ng'ambo?”

Ndiyo.

“Mimi nakupitisha huku chini kwenye mashamba. Si mbali. Kila mtu anapita. Saa hizi huwezi kukuta mtu.”

Hakuwa ananidanganya. Kila aliyekulia mpakani anazijua njia za panya. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto nilizipita na baba kwenda kwenye harusi, na wala hatukujua kwamba tumetoka nchi moja tukaingia nyingine. Nilikuwa nimevaa viatu vya kutembelea. Jioni ningekuwa Muleba, nimelala chini na wanawake wenzangu.

Lakini faili langu lilikuwa kule Bukoba. Kwenye lile faili nilikuwa nimetia sahihi kwamba sijawahi kuingia nchini kinyume cha sheria. Nikawaza nikikamatwa kwenye yale mashamba, au mtu akinitaja baadaye, basi yote aliyoyataka Mae yameharibika. Nilimpigia mume wangu nikamuuliza nipite au nisipite. Akasema, “Wewe ndiye unayejua.” Nilitaka aniambie usipite, nipate kumlaumu. Nilitaka pia aniambie pita. Hakuniambia lolote, na mimi nikamwambia mwenye bodaboda asante, nitasubiri Jumatatu.

Aliniangalia kama hajanisikia vizuri. “Jumatatu watakuwa wameshazika,” alisema.

Nikasema najua.

Kaka yangu aliponiona narudi aliuliza kama barabara imefungwa. Nikamweleza. Yeye si mtu wa maneno mengi, lakini siku ile alinisema. “Baba alipokufa mkweo alikuja. Mzee yule, na miguu yake, alikuja. Unadhani alikuja na pasipoti?” Ilikuwa kweli, Mae alikuja amebeba maharage kichwani, akakaa kwetu mpaka msiba ukaisha, na hakuna aliyemuuliza amepita wapi.

Jumamosi mchana nilikaa nyuma ya nyumba ya kaka na simu mkononi. Nilimwomba mume wangu aiache wazi niwe nasikia tu, hata wimbo. Akakataa. Alisema, “Watu watauliza naongea na nani.” Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananionea haya. Mume wangu, ambaye hakuwahi kunionea haya hata nilipokuwa sijui kumenya ndizi bila kujikata. Nilizima simu nikalia mpaka mke wa kaka akaja kunifunika kanga mabegani kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

Hiyo Jumatatu sikuiendea hata ile hati ya dharura. Niliambiwa pasipoti iko njiani, na tayari nilikuwa nimechelewa kaburi. Pasipoti ilitoka siku chache baadaye. Nilivuka Mutukula siku hiyo hiyo, nikagongewa muhuri safi kwenye ukurasa safi, yule afisa wa dirishani akanitambua, akaniuliza kama tulishazika. Nikasema tulishazika. Nilijisikia vibaya kwa hilo neno “tuli” kutoka kinywani mwangu.

Sikulala Bukoba. Nilipitiliza mpaka Muleba, nikafika turubai limeshaondolewa na nyasi walizolalia wafiwa zimeshatolewa sebuleni. Wifi yangu alikuwa anafagia uani. Tulikumbatiana, tukalia, na alilia kwa moyo, siwezi kusema alinifanyia ubaridi. Akanipeleka kaburini, chini ya migomba, karibu na kaburi la baba mkwe. Maua yalikuwa yameshanyauka. Nilipiga magoti nikajaribu kumweleza Mae. Ningemwambia nini? Kwamba nilibaki kule ili niwe mtu wa hapa?

Tukiwa tunarudi nyumbani nilimwomba wifi anieleze ilivyokuwa. Kwanza hakutaka. Mwishowe akasema kwamba wakati wa kuweka mashada, mwongoza shughuli aliita wana, akaita wajukuu, kisha akaita mkwe, mke wa mtoto mkubwa. Hakutokea mtu. Akaita tena, akidhani mhusika yuko mbali na kipaza sauti. Watu wakaanza kugeuza shingo.

“Mumeo akasema umezuiliwa mpakani,” wifi alisema. “Watu wakasema pole. Lakini kuna mzee alikuwa nyuma yangu akasema, mbona mwanangu jana amepita na ng'ombe.”

“Nani aliweka shada?”

“Mimi. Nililiweka la kwangu, nikarudi nikaweka la kwako.”

Alinishika mkono aliposema hivyo. Nilitamani ardhi ipasuke. Wifi yangu ni mwema kuliko mimi, ila wema wake siku ile ulinifanya nisitamani kumtazama usoni.

Nilipopeleka pasipoti mpya kule mjini, afisa wangu aliinuka kama kawaida, akaipokea kwa mikono miwili. Aliniuliza kwa utani, “Mama, mwaka jana umetuomba uraia, mwaka huu umechukua pasipoti ya miaka kumi. Tukueleweje?” Nikamwambia anielewe anavyotaka. Aliona sikuwa wa kutaniwa. Akanieleza kwa utaratibu: namba ya pasipoti imebadilika, kwa hiyo faili lazima lirekebishwe, kibali cha ukaazi kihamishiwe kwenye kitabu kipya, na kwa kuwa muda umepita, wadhamini wangu waandike tena kwamba bado wananifahamu. Faili halikufa, alisema, lilikuwa limelala kidogo tu. Kisha akafunua ule ukurasa wenye muhuri mmoja na kuutazama.

“Nilisikia ulikuwa na msiba,” akasema. “Wengi wangepita njia za panya, halafu sisi tunakuja kugundua na mtu anapoteza kila kitu. Wewe umesubiri. Mtu wa namna hii ndiye tunayemtaka awe raia.”

Alinisifu kwa nia njema. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za nje. Nimesemwa na kaka, nimesemwa na mzee ambaye mwanawe alipita na ng'ombe, lakini hakuna maneno yaliyoniaibisha kama zile sifa.

Mdhamini wangu mmoja alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kule Muleba, mzee mkulima wa kahawa aliyesoma darasa moja na mume wangu. Mara ya kwanza alikuwa ameandika barua yangu akicheka, akasema ni upuuzi kuandika jambo ambalo hata kuku wa pale wanalijua. Safari hii alitukaribisha ndani. Alileta buni za kutafuna kama desturi, akatuuliza habari za mjini, akavaa miwani. Aliandika polepole. Alipomaliza alimkabidhi mume wangu ile barua, si mimi.

“Nimeandika kwamba ni mkazi mwema na tunamfahamu,” alisema. “Hiyo ni kweli. Siwezi kumharibia mtu.”

Mume wangu akashukuru. Mimi pia nikashukuru, nikapiga magoti kama mkwe anavyopaswa. Mzee aliitikia vizuri. Ila mara ya kwanza alikuwa ameandika kwamba mimi ni mtoto wao. Njiani nilimuuliza mume wangu kama ameliona hilo. Akasema barua ni barua, kinachotakiwa ni muhuri. Hatukulizungumza tena, mpaka leo.

Maombi yalikubaliwa. Sikuamini yalivyokwenda haraka mara tu pasipoti ilipokaa sawa. Nikatakiwa kuukana uraia wa kule, nikaukana kwa maandishi, nikasalimisha kile kitabu kipya kilichokuwa bado kinanukia upya, kurasa zake zote tupu isipokuwa ule muhuri wa kurudi nimechelewa. Kaka yangu nilimwambia kwa simu. Alisema, “Haya, hongera,” akaniuliza mvua zikoje Bukoba. Nikaapa. Nilivaa gauni nililojishonea mwenyewe, watoto wakanipigia picha, mume wangu akanunua soda za watu wote waliokuwa ukumbini. Nilifurahi, nisidanganye. Nilipotoka nje nilitoa simu nimpigie Mae, vidole vikaitafuta namba yake vyenyewe. Nikairudisha simu kwenye mkoba.

Kabla mwaka haujaisha, jirani wa Muleba alifariki, baba wa watu wazima, kibanja chake kinapakana na chetu. Niliposikia niliacha kazi ya watu mezani. Nilifunga duka, nikamtangulia hata mume wangu, nikafika mapema watu wakiwa bado wachache. Kwenye msiba wa huko hakuna anayempangia mwanamke kazi. Kila mmoja anakuja na kisu chake kwenye kanga, anawasalimu wafiwa, kisha anakwenda nyuma ya nyumba kwenye lundo la ndizi, anakaa chini na wenzake kumenya. Ukimkuta mwanamke amekaa mbele kwenye viti, ujue ametoka mahali pengine.

Niliwasalimu wafiwa, nikaenda nyuma. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye majani makavu ya migomba, nawafahamu wote, wengine nimewashonea nguo za harusi za watoto wao. Walinipokea vizuri. Mmoja akanipa pole ya Mae, mwingine akanipongeza kwa uraia, akasema walisikia na walifurahi. Nikakunja gauni, nikakaa, nikatoa kisu, nikavuta mkungu. Nilikuwa nimemenya ndizi ya kwanza sijaimaliza, mama mmoja mzee, rafiki wa Mae wa siku nyingi, aliinuka pale alipokuwa. Alikuja akainama mbele yangu, akanichukulia kisu mkononi kwa upole, kama mtu anavyomchukulia mtoto kitu chenye ncha. Akamwita binti wa pale alete kiti.

“Mae, acha nisaidie,” nikasema.

“Hapana, waitu. Utachafua gauni. Kaa hapa vizuri upumzike. Umetoka mbali.”

Nilikuwa nimetoka Hamugembe. Kiti kikaletwa, cha plastiki, kikafutwa kwa kanga. Wale wanawake waliendelea kumenya na hakuna aliyeinua uso. Nikakaa. Chakula kilipoiva nilipelekewa cha kwanza, pamoja na wageni.